Imejengeka Bila Kosa, Mbona Taa Haiwaki?

Ndugu zangu wa Kigoma, habari za mchana. Tuchukue taa za mitumbwi ya dagaa. Tunataka bodi ndogo ipime betri, iizime taa kabla chaji haijakauka. Hapa ninayo Raspberry Pi Pico: chipu ya RP2040, RAM ya kilobaiti 264, hifadhi ya megabaiti 2. Kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya prosesa, haienei humo. Programu inajengwa kwenye laptopu kwa ajili ya prosesa ya ARM, ndiyo maana mnasakinisha arm-none-eabi-gcc.

SDK, yaani mkusanyiko wa maktaba na zana za Pico, ipakueni mara moja, mwendeshe git submodule update --init, kisha mgawane kwa flashi. Bando si la kuchezea. Kila mmoja aelekeze kigezo cha mazingira PICO_SDK_PATH kwenye folda yake ya SDK.

Sasa CMakeLists.txt, faili la maelekezo ya ujenzi linalosomwa na programu ya CMake. Mstari wa kuingiza pico_sdk_import.cmake utangulie project(). Ukiuchelewesha, CMake itakuwa imeshajichagulia kompaila ya laptopu. Baada ya project() inakuja pico_sdk_init(), halafu add_executable(taa taa.c), na target_link_libraries(taa pico_stdlib hardware_adc). Wengi huishia hapo. Ujenzi unakamilika, taa.elf ipo, ila taa.uf2 ya kupeleka kwenye bodi hawaioni. Wamesahau pico_add_extra_outputs(taa).

(Betri ya volti 12 msiiunge moja kwa moja, jamani. Mguu wa ADC, unaopima volti, mwisho wake volti 3.3, pitisheni kwenye rezista za kugawa volti.)

Linalopoteza muda zaidi ni Pico W, yaani Pico yenye Wi-Fi. Kwenye Pico ya kawaida taa ndogo ya bodi iko kwenye mguu wa chipu uitwao GPIO 25. Kwenye W imeungwa kwenye chipu ya Wi-Fi, kwa hiyo inahitaji maktaba ya pico_cyw43_arch_none na amri zake. Ukijenga kwa ajili ya Pico ukapeleka kwenye W, hakuna anayelalamika: kompaila kimya, bodi inapokea, taa giza. Na ukibadili bodi, futa folda ya build yote, maana CMakeCache.txt hukumbuka chaguo za zamani. Kisha:

cmake -S . -B build -DPICO_BOARD=pico_w
cmake --build build

Shikilia kitufe cha BOOTSEL huku ukichomeka kebo. Diski ya RPI-RP2 itatokea. Isipotokea, badilisha kebo kwanza, kwani nyingi za simu hupitisha chaji tu. Ukishaiweka uf2, diski inatoweka yenyewe na laptopu inaweza kunung'unika. Iache, bodi imeshaanza kazi.