Herufi Nzito za Mlazo: Tabia na Matumizi Yake

Mabibi na mabwana, walimu wenzangu, na nanyi wanafunzi wa usanifu wa machapisho mliofika hapa Nairobi jioni hii, ningependa tuitazame kwa makini fonti inayotumiwa kila siku bila kufikiriwa: ile yenye serifu, yaani vijimkia kwenye ncha za herufi, iliyokolezwa wino na kulazwa kuelekea kulia.

Sifa zake hazikuzaliwa pamoja. Mlazo ulitoka Venice, nchini Italia, ambako mwaka 1501 Aldus Manutius alichapisha mashairi ya Virgil kwa herufi za mlazo zilizochongwa na Francesco Griffo kwa kuiga mwandiko wa wasomi wa zama hizo. Uzito ulishamiri London katika karne ya 19, matangazo ya biashara yalipoanza kushindana kutani. Fonti ya Clarendon ya mwaka 1845 ikaingiza ukolezaji huo ndani ya matini ya kawaida. Kwa hiyo anayeziunganisha sifa hizi anaoanisha mwendo wa kalamu na uzito wa bango, na hapo ndipo penye kazi.

Chukueni herufi "a". Katika fonti wima za serifu, aghalabu huwa na kichwa kilichojikunja juu ya tumbo. Ikilazwa, kichwa hicho huondoka, likabaki tumbo na mguu mfupi unaopinda kuielekea herufi inayofuata. Ukiongeza wino, weupe uliomo tumboni husinyaa. Jambo hili latuhusu sana sisi wa Kiswahili, kwa kuwa irabu hiyo imetujaa: neno "wanapambana" peke yake lina "a" tano. Likichapwa kwa ukubwa wa pointi nane tu kwenye karatasi ya gazeti, ambayo hufyonza wino na kuutawanya, matumbo yote matano yaweza kuziba, msomaji akabaki akibahatisha kama ni "a" au "o".

Ndiyo maana nasisitiza kwamba mlazo mzito sharti uchorwe. Programu isipopata fonti halisi huziinamisha tu herufi wima na kuzinenepesha kingo; "a" hubaki na kichwa chake, na mikunjo huvimba pasipostahili. Inasikitisha kuona bango limechapwa hivyo, ilhali Times New Roman, iliyomo katika kompyuta nyingi, ina mlazo mzito uliochorwa kwa makusudi.

Kuna mahali ambapo fonti hii haina mbadala. Kichwa cha sura kikiwa kimekolezwa, na ndani yake mna jina la kisayansi kama *Coffea arabica*, jina hilo hulazwa bila kupoteza uzito. Hupendeza pia kwenye jalada la jarida na kwenye majina ya maharusi katika kadi za mwaliko. Aya nzima siipendekezi kamwe, kwani ukurasa hujaa weusi na macho huchoka upesi. Kwa kadi, anzeni na pointi 18, wala msiandike jina zima kwa herufi kubwa, kwa sababu uzuri wa mlazo umo katika herufi ndogo. Aldus mwenyewe aliziacha herufi kubwa zikiwa wima.