Fomu nayo ipigwe hodi

Assalaam alaykum, na wengine mmeamkaje. Kutengeneza fomu ya Google mnajua, makatibu wa vikundi nyote, wala sikuja kufundisha hilo. Nimekuja na lile lile ninalolisema kila nikishika kipaza sauti: ukiitupa linki kwenye grupu la WhatsApp hujaalika watu wako, umeacha mlango wazi na barabara inapita mbele.

Yalitangazwa mafunzo ya ushonaji hapa hapa Tanga, nafasi 40. Waandaaji siwataji. Linki ilitumwa asubuhi kwenye grupu la mtaa mmoja wa Makorora. Adhuhuri imeshafika Muheza na Pangani, na jioni naletewa mimi na shemeji yangu aliyeko Dodoma. Hilo dogo. Mtengenezaji alitaka wanakamati wenzake waone majibu, akawasha kile kitufe cha kuonyesha muhtasari wa majibu. Kitufe kile si cha kamati! Ni cha kila anayejaza. Ukishatuma, unaambiwa bonyeza hapa uone majibu yaliyotangulia. Unabonyeza, unakuta majina, simu, mitaa na namba za NIDA, zile za kitambulisho cha taifa, za watu wote. Binti mmoja jirani yangu, Ngamiani, akapigiwa na mtu anayemwita kwa majina yake matatu, anamtajia mtaa wake na siku aliyozaliwa. Nafasi umepata, tuma elfu kumi na tano ya vifaa. Akatuma. Asitume kwa nini? Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tumeuzoea, tunaufuta. Huyu alikuwa anamjua.

Na kwenye fomu siku ya kuzaliwa haikuulizwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Sasa cherehani inahitaji NIDA ya nini? Nimeuliza, nikajibiwa, "Tuliikuta kwenye fomu ya zamani." Jibu hilo nimelisikia hata limenichosha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na inakutaka uchukue kile tu kinachohitajika kwa shughuli uliyoitaja.

Najua yupo anayetaka kuniambia: mwalimu, si tuweke sharti la kuingia kwa akaunti ya Google, kila mtu ajaze mara moja, yaishe? Haliishi. Sharti lile linahesabu akaunti, halihesabu watu. Kijana mwenye akaunti tatu atajaza mara tatu. Mama anayeazima simu ya bintiye ataambiwa ameshajaza, kwa sababu binti alijaza jana. Umemfungia asiye na simu, mjanja umemwachia. Neno moja la siri kwa wote nalo litasafiri pamoja na linki.

Ninyi mna daftari la wanachama, litumieni. Kila mtu apewe namba yake mkononi, kwenye karatasi, na swali la kwanza la fomu liwe hiyo namba. Majibu yakija, kaa na daftari ulinganishe. Namba ambayo hukumpa mtu, jibu lake lifute. Iliyojirudia, piga simu uulize kabla hujafuta, huenda aliyetangulia ndiye mwizi. Ni kazi ya mkono, ndiyo. Kwa watu 40 ni ya jioni moja.

Adhana inakaribia, haya nayasema haraka. Ruhusa ya kuhariri fomu wapewe watu kwa majina, usiweke "yeyote mwenye linki". Jedwali la majibu nalo lina ruhusa zake mbali na za fomu, likague peke yake. Na siku ya mwisho ikipita, zima upokeaji wa majibu; nimeona fomu za mwaka juzi bado zinapokea watu.

Sasa toeni simu. Fungueni fomu ya mwisho mliyotuma, ingieni kwenye mipangilio, tuanze na kile kitufe cha muhtasari. Ambaye chake kimewaka anyooshe mkono, nakuja hapo alipo.