Koja la Asumini Ndani ya Friji

SALIM: Hamjambo wasikilizaji. Mimi nipo Mombasa kama kawaida, na Dada Rukia yuko nyumbani kwake California, amerejea juzi kutoka Hilo, katika Kisiwa cha Hawaii, alikokwenda kutazama tamasha la Merrie Monarch, la ngoma ya jadi ya huko iitwayo hula. Tumeandaa mafunzo matatu kwa waandaaji wa matamasha ya huku kwetu. Kabla hatujayafikia, dada, naomba unieleze kwa nini picha uliyonitumia jana inaonyesha maua yamelazwa juu ya samaki.

RUKIA: Samaki ndiye aliyetangulia kuingia kwenye friji, Salim. Hiyo ni lei ya asumini niliyovishwa na mama yake rafiki yangu siku niliyoshuka Hilo, mvua ikinyesha kama inavyonyesha huko siku nyingi za mwaka. Aliponivika tu shingoni, ile harufu ilinirudisha kwenye chumba cha bibi harusi, Mji wa Kale. Nayo si ua linalofanana na asumini. Ni asumini ile ile. Wenyewe huiita pikake, yaani tausi, kwa sababu binti mfalme Kaʻiulani, aliyefariki mwaka 1899, aliwapenda tausi na aliyapenda maua haya.

SALIM: Ikiwa ni asumini iliyotungwa uzini na kuvikwa shingoni, basi hilo ni koja, na Kiswahili kinalijua tangu zamani. Kuanzia sasa, kila utakaposema "lei" utatozwa shilingi 20.

RUKIA: Utatajirika, kwa maana lei si koja.

SALIM: Ishirini.

RUKIA: Andika. Koja letu likinyauka hufagiliwa asubuhi, wala hapana anayeuliza. Hilo la kwao lina adabu zake, nami nilizivunja siku ya kwanza. Lilikuwa limelowa, nikalivua mezani mbele ya yule mama, na watu wote wakanyamaza, kwa sababu kulivua mbele ya aliyekuvisha ni sawa na kumrudishia salamu yake. Usiku, rafiki yangu alinikuta nimelishika karibu na pipa la taka, akanipokonya. Alinieleza kwamba halitupwi: uzi hukatwa, na maua yakarudishwa ardhini. Tena mja mzito havishwi lililofungwa duara. Huvishwa lililo wazi ncha zote mbili, kwa kuchelea kitovu kisije kikamzonga mtoto.

SALIM: Hilo la kitovu angeweza kulisema bibi yangu, tena kwa sauti ile ile. Na usinidharaulie maua ya kwetu. Kikuba, kishada chetu cha maua na majani ya kunukia, nacho kilikuwa na adabu zake: mrehani, asumini, waridi na mkadi, kila kimoja na mahali pake, na ilijulikana nani wa kumtengenezea nani.

RUKIA: Kilikuwa, umesema. Wasikilizaji wanajua kwamba wewe hununua asumini mara moja kwa mwaka, tena kwa kuomba upunguziwe bei.

SALIM: Bei hupanda jioni, dada, matumba yanapokaribia kufunguka. Hilo ni suala la uchumi.

RUKIA: Lakini umefanya vyema kuutaja mkadi, kwa sababu wanao jamaa yake na huuita hala. Hutunga vipande vya tunda lake, vyekundu na vya manjano, vikawa lei nzuri mno.

SALIM: Arubaini.

RUKIA: Pamoja na uzuri wake, hawamvishi mtu ovyo, kwa sababu neno hilo hilo "hala" hubeba pia maana ya kupita na ya kukosea. Anayeanza safari au kazi mpya hupewa jingine. Niambie, koja gani la kwetu ambalo jina lake huogopwa?

SALIM: Tunapotea. Watu wanataka kusikia habari za tamasha.

RUKIA: Tamasha lenyewe ndilo hili. Jumamosi asubuhi, katika maandamano ya mjini, wanawake walipita juu ya farasi wamevaa yadi na yadi za kitambaa zilizoanguka mpaka karibu na ardhi, nao farasi wamevishwa maua shingoni. Hata farasi, Salim! Mashindano yenyewe sikupata tiketi. Niliyatazama kwenye televisheni ya yule mama, sebule imejaa majirani wanaojua jina la kila mwalimu wa hula. Jumatano ndiyo jioni isiyotozwa kiingilio, na foleni yake ilinifundisha subira. Mji huo ulipigwa na tsunami tarehe 23 Mei 1960, ikaua watu 61, na wazo la tamasha lilipozuka mwaka 1963 lilikuwa la kuufufua uchumi. Mashindano ya hula yaliongezwa mwaka 1971. Tangu hapo wachezaji ndio wanaolibeba, kwa jina la Mfalme Kalākaua, ndiye huyo Merrie Monarch, yaani mfalme mchangamfu, aliyeirudisha hula hadharani baada ya Malkia Kaʻahumanu kuipiga marufuku mwaka 1830.

SALIM: Na wachezaji huvaa maua gani?

RUKIA: Hapo ndipo penye uchungu. Ua kubwa la kisiwa kile ni lehua, jekundu, la mti wa ʻōhiʻa. Husimuliwa kwamba Pele, mungu wa volkano, alimgeuza mti kijana aliyemkataa, na mpenzi wa kijana huyo akafanywa ua la mti huo, ndiyo maana ukilichuma mvua hunyesha, wapenzi wametenganishwa. Sasa miti hiyo inakufa kwa ugonjwa wa kuvu unaoingia kupitia majeraha ya gome. Tangu mwaka 2015 kuna amri inayozuia kuutoa mti huo au sehemu zake kisiwani bila kibali, na mwaka 2016 baadhi ya walimu wa hula waliamua kwamba vikundi vyao vitapanda jukwaani bila lehua. Nami uwanja wa ndege, mkaguzi wa kilimo aliligeuza koja langu mara mbili kabla ya kuliruhusu.

SALIM: Umesema koja mwenyewe, na sitakurudishia senti. Ila hapo sikubaliani na walimu hao. Ua lile halikuwa pambo tu. Mtu aliingia msituni, akaomba ruhusa kwa dua, akachuma, akarudi. Ukiliondoa ua, umeiondoa na njia ya kwenda msituni. Huku kwetu tulisema marashi ya chupa yanatosha, na leo mwanangu hajui mkadi unafananaje.

RUKIA: Mkadi haukusahauliwa kwa sababu ya kuhurumiwa, Salim. Tulisahau kwa uvivu. Wale wanaacha kuchuma kwa sababu wanaujua mti mmoja mmoja, na mwalimu anayewaambia wanafunzi wake leo hatuchumi amewafundisha jambo kuhusu msitu ule ambalo wewe na mimi hatukufundishwa.

SALIM: Kizazi cha kwanza kitajua kwa nini hakichumi. Cha tatu kitajua tu kwamba hapakuwahi kuwa na ua.

RUKIA: Cha tatu hakitakuwa na mti wa kuulizia, ikiwa kila kikundi kitapeleka visu na viatu vyenye tope msituni.

SALIM: Viatu vinaoshwa. Kisu kinasafishwa kwa spiriti. Kuna njia kati ya kuchuma ovyo na kuacha kabisa.

RUKIA: Na nani atasimama kando ya kila mti kuhakikisha? Nimekaa na watu ambao babu zao walicheza na ua lile kichwani, nao wameliacha huku wakilia. Siwezi kukaa hapa California nikawaambia wamekosea.

SALIM: Sikusema wamekosea kulia. Nimesema wamekubali mapema mno.

RUKIA: Basi tubaki hivyo.

SALIM: Tubaki hivyo. Zimesalia dakika mbili, na mafunzo yetu matatu bado yamo kwenye karatasi. La kwanza lilihusu tiketi.

RUKIA: Nami tiketi sikupata, kwa hiyo sina la kufundisha. Waandaaji watatusamehe.

SALIM: Nakudai shilingi 40. Na hiyo lei uliyonayo utaiweka wapi, maana kwa picha niliyoiona imeshageuka rangi?

RUKIA: Ishirini, Salim.

SALIM: Ya Rabi!

RUKIA: Mbele ya jengo letu upo mlimau. Nitakwenda kukata uzi chini yake jioni hii, majirani wakishaingia ndani, na yule samaki nitampika leo leo, ingawa mume wangu anasema ananuka harusi.