Usimpe Bakteria Sukari

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kunikaribisha. Naomba nianze na manyoya ya kuku.

Machinjio ya kuku huacha malundo ya manyoya, na malundo hayo ni magumu kuoza. Unyoya mkavu, karibu asilimia 90 ya uzito wake, ni protini iitwayo keratini. Imesokotwa na kukazwa kwa vifungo vya salfa hata vimeng'enya vya matumbo yetu, yaani protini zinazovunjavunja chakula, haviiwezi. Lakini yupo bakteria wa udongoni, Bacillus licheniformis, anayeiweza. Mtie kwenye maji yenye manyoya na chumvi kidogo za madini, yatikise taratibu katika joto la kati ya nyuzi 37 na 50, na baada ya siku chache manyoya yamelika. Katika maji yale mna keratinesi, kimeng'enya kinachoweza kulegeza nywele za ngozi za wanyama kiwandani ili salfaidi, ile kemikali kali inayoharibu mito, ipungue.

Wengi hudhani tunatumia taka kama hizi kuzalisha vimeng'enya kwa sababu ya urahisi wa bei. Ni kweli, chakula cha bakteria humeza fedha nyingi. Ila mimi sababu ya pili ndiyo inayonivutia zaidi: bakteria hasumbuki kutengeneza kimeng'enya asichokihitaji. Ukimmwagia glukosi, sukari rahisi, ataila hivyo hivyo, na utengenezaji wa amilesi, kimeng'enya kinachokata wanga, utazimika. Mpe pumba za ngano. Wanga umo, lakini haulambiki. Lazima atoe amilesi nje ya seli, aukatekate kwanza. Ugumu wa taka ndio unaomtia kazini! Na kwa kuwa amekitoa nje mwenyewe, sisi tunachuja tu, hatuna haja ya kumpasua. Makapi ya miwa yana selulosi, maganda ya machungwa yana pektini. Kanuni ni ile ile.

Kazi ngumu iko kwenye taka zenyewe. Pumba za leo si za wiki ijayo: unyevu umebadilika, pengine zimeota ukungu au zina mabaki ya dawa za wadudu. Ukichachusha kwenye pumba zilizoloweshwa tu badala ya pipa la maji, unaokoa maji mengi, lakini joto hunasa katikati ya lundo na bakteria hudhoofika. Wanafunzi wangu wengi wamekwama hapo, wakilaumu mbegu ya bakteria ilhali kosa lilikuwa kina cha pumba kwenye trei.

Kwa hiyo kabla ya kupanda bakteria yeyote, chukua konzi moja ya pumba, pima uzito, kausha, pima tena, ujue unyevu wake. Kisha zitandaze kwa wembamba.