Mkataba Wako Ndio Mradi Wako wa Kwanza

Habari za asubuhi, mabibi na mabwana. Nawashukuru waandaaji kwa kunialika. Nikiwatazama naona wengi wenu tayari mnasimamia miradi mkiwa waajiriwa, na kilichowaleta hapa ni kutaka kujua namna ya kutoka na kusimama wenyewe kama washauri elekezi.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nianze na cheti gani? Nitalijibu, ila nitalijibu haraka, maana uzito wa kazi hii hauko hapo.

Taasisi ya PMI, ya wataalamu wa usimamizi wa miradi, ilianzishwa Marekani mwaka 1969, na cheti chake cha PMP, cha mameneja wa miradi wenye uzoefu, kinatolewa tangu 1984. Kwa muda mrefu masharti yake yamekuwa kwamba mwenye shahada awe ameongoza miradi kwa miezi 36, asiye na shahada miezi 60, na wote wawe na saa 35 za mafunzo. Ambaye hajafika huko ana CAPM, cheti cha PMI cha wanaoanza, kisichodai uzoefu. PRINCE2, ambayo ni mbinu ya kusimamia miradi yenye vyeti vyake, ilitoka serikalini Uingereza mwaka 1996, na hadi leo inatumika sana katika sekta ya umma. Wanaotengeneza programu za kompyuta watakuuliza kuhusu Scrum, mtindo wa kufanya kazi kwa vipindi vifupi vifupi. Sasa uchague kipi? Chukua matangazo ya zabuni ya sekta unayoijua, soma sehemu ya sifa za mshauri, uone wanadai nini. Chukua hicho kimoja, kisha acha. Nimeona watu wenye herufi nyingi nyuma ya jina kuliko jina lenyewe, na bado hawana mteja. Cheti kinakuvusha kwenye mchujo. Ukishavuka, mteja anataka kujua umewahi kufanya nini.

Twende kwenye jambo lenyewe.

Meneja wa mradi ana madaraka. Anaweza kuidhinisha malipo, kumhamisha mtu, kukataa kupokea kazi mbovu ya mkandarasi. Wewe mshauri huna hata moja kati ya hayo. Ukisema ratiba haitekelezeki, mhasibu wa mteja anaweza kukusikiliza kwa adabu, akaendelea na chai yake. Mamlaka yako yote yamo kwenye karatasi moja inayoitwa hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi uliyoitiwa. Kilichoandikwa pale unaweza kukidai. Kisichoandikwa utakifanya bure, au utalaumiwa kwa kutokukifanya.

Chukueni mfano. Mteja anakupigia: "Njoo utusaidie kuupanga mradi wetu wa mfumo mpya wa kumbukumbu." Sentensi nzuri, lakini haina kazi ndani yake. Kuupanga ni kuandika ratiba? Kukadiria gharama? Kukaa vikao vya kila wiki? Kuwasimamia wauza mfumo? Na nani ataipokea kazi yako na kusema imekamilika? Hilo la mwisho wengi hulisahau, nalo ndilo linalochelewesha ankara. Mkurugenzi amekuita, ila mkuu wa kitengo ndiye anayesaini, na huyo hakutaka uje. Kabla hujataja bei, pata majibu ya maswali haya kwa maandishi. Yaandike mwenyewe ikibidi, kurasa mbili, umtumie mteja na umwombe asahihishe. Utashangaa yeye mwenyewe atakavyogundua kwamba hakuwa anajua anachotaka. Hapo umeshaanza kumshauri, hata mkataba haujasainiwa.

Kuna atakayesema haya ni makaratasi tu. Tukumbuke jumba la opera la Sydney. Jørn Utzon alishinda shindano la usanifu mwaka 1957, na ujenzi ukaanza 1959 huku hesabu za kihandisi za paa zikiwa bado hazijakamilika, kwa sababu wanasiasa walitaka kazi ianze. Ilipofika zamu ya paa, nguzo zilizokwisha kujengwa hazikuweza kuubeba uzito wake, ikabidi zijengwe upya. Utzon aliondoka mwaka 1966. Jumba lilikuwa limepangwa kumalizika mwaka 1963; lilifunguliwa 1973. Makadirio ya kwanza, kwa dola za Australia, yalikuwa kama milioni 7, na gharama ya mwisho ilifika milioni 102. Ni jengo zuri ajabu, sina ugomvi na hilo. Ila ukisoma historia yake kama mshauri, unaona kwamba fedha nyingi ziliondoka kupitia mlango mmoja: kuanza kazi kabla ya kukubaliana kazi ni ipi. Mlango huo huo uko kwenye kila mkataba mdogo mtakaousaini.

Bei sasa. Kosa la kawaida ni kuchukua mshahara wa mwezi, kuugawa kwa siku za kazi, na kuuita huo ndio ujira wa siku. Tufanye hesabu pamoja. Mwaka una siku 365. Toa Jumamosi na Jumapili, 104. Toa sikukuu, likizo na kuugua, tuseme 30. Zimebaki 231. Sasa toa siku za kutafuta kazi, kuandika mapendekezo ambayo mengine yatakataliwa, kufuatilia malipo, kusoma. Mtu anayeanza akiuza siku 120 amefanya vizuri sana. Siku hizo 120 ndizo zinazobeba mwaka mzima, pamoja na kodi, bima na kompyuta yako. Mahitaji yako ya mwaka yagawe kwa hizo, usigawe kwa 231.

Na bei moja ya kazi nzima, badala ya ujira wa siku, je? Ni nzuri pale tu mawanda ya kazi yanapojulikana. Yakiwa hayajulikani, gawa kazi mara mbili: kwanza tathmini fupi ya wiki mbili au tatu kwa bei moja mliyokubaliana, halafu kinachofuata kikadiriwe kutokana na ulichokikuta. Dai malipo ya awali. Andika pia kwamba kazi ya ziada itaanza baada ya makubaliano ya maandishi, hata kama ni barua pepe ya mistari mitatu. Mteja mwenye nia njema hakasiriki kwa hilo.

Mteja wa kwanza atatoka wapi? Mara nyingi ni mtu aliyekuona ukifanya kazi: bosi wa zamani, mkandarasi uliyemsumbua kwa haki, mfanyakazi mwenzako aliyehamia kwingine. Hata mwajiri unayemwacha anaweza kuwa mteja wako. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Soma tu mkataba wako wa ajira usije ukawa na kifungu kinachokuzuia.

Naona mkono kule nyuma. Dada anauliza: mteja akitaka nibadilishe ripoti ionekane mradi unakwenda vizuri, nifanyeje?

Swali zuri, na litakukuta mapema kuliko unavyodhani. Tenganisha mambo mawili. Lugha inaweza kubadilika. Kama umeandika "uzembe wa kitengo cha ununuzi" na unachokijua kwa hakika ni kwamba vifaa vilichelewa wiki sita, andika kuchelewa na tarehe zake, uzembe uuache. Tarehe, kiasi na hali ya kazi havibadiliki. Akisisitiza, mwambie aambatishe maelezo yake pembeni ya ripoti, kwa jina lake. Wengi wakiombwa jina hughairi. Asipoghairi, ripoti yako ikabidhi kama ilivyo kwa yule aliyetajwa kwenye hadidu za rejea kuwa ndiye mpokeaji, na utunze nakala. Ndiyo maana nilisema huyo mpokeaji atajwe tangu mwanzo.

Karibuni, mwingine.