Hesabuni Vitanda Kwanza: Kuwarudisha Wanafunzi Bwenini Wakati wa Janga

Mhadhara kwa wasimamizi wa mabweni, wauguzi wa zahanati za vyuo na viongozi wa wanafunzi

Ndugu wasimamizi, wauguzi wetu, na nyinyi viongozi wa wanafunzi, asanteni kwa kufika. Naingia moja kwa moja kwenye swali ambalo kila chuo hujiuliza ugonjwa wa kuambukiza kwa hewa unapokuwa bado unazunguka: tufungue au tusifungue? Swali hilo halijibiwi getini, wala halijibiwi kwa idadi ya ndoo za kunawia mikono. Jibu lake liko kwenye vyumba mtakavyoviacha vitupu. Chuo kinachojua kina vyumba vingapi vya kuwatenga wagonjwa kinajua pia kinaweza kupokea wanafunzi wangapi. Kisichojua kinabahatisha, na kinachobahatishwa hapo ni afya ya watoto wa watu.

Agosti 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, yaani korona, Chuo Kikuu cha North Carolina kilichopo Chapel Hill, Marekani, kilianza masomo tarehe 10. Tarehe 17 kikatangaza kwamba masomo ya shahada ya kwanza yanahamia mtandaoni. Wiki moja tu. Na makundi ya kwanza ya maambukizi yaliyotangazwa pale hayakutoka kwenye kumbi za mihadhara. Yalitoka kwenye mabweni na nyumba wanazoishi wanafunzi. Haishangazi. Darasani mtu hukaa saa moja, amevaa barakoa, kisha akaondoka. Bwenini hulala usiku kucha bila barakoa, akivuta hewa anayoitoa mwenzake wa kitanda cha pili.

Basi tuchukue kalamu. Tuseme chuo chenu kinapata wagonjwa wapya 4 kwa siku. Kwa kanuni zilizotumika sana mwaka 2020, mgonjwa alitengwa siku 10 tangu dalili zianze, na saa 24 za mwisho awe hana homa bila kumeza dawa ya kuishusha. Nne mara kumi ni vitanda 40. Wengi huishia hapo na kudhani wamemaliza hesabu. Lakini kila mgonjwa ana watu aliokaribiana nao, yaani waliokuwa naye chini ya mita 2 kwa jumla ya dakika 15 au zaidi ndani ya saa 24. Tuseme ni watatu tu. Hao nao walikaa karantini siku 14. Wagonjwa 4, mara watu 3, mara siku 14: nafasi 168. Mmeona palipo na mzigo? Karantini inakula nafasi mara nne na ushee kuliko ugonjwa wenyewe.

Tena kuna tofauti inayosahaulika. Waliothibitishwa kuwa na ugonjwa huo huo wanaweza kulala wawili chumba kimoja. Wa karantini hawawezi. Kila mmoja anataka chumba chake na, ikiwezekana, choo chake, kwa sababu kati ya watatu huenda mmoja tu ndiye aliyeambukizwa. Mkiwalaza pamoja mmewaambukiza wote. Na lipo kundi la tatu, la wenye dalili wanaosubiri majibu. Kosa ninaloliona baya kuliko yote katika mipango ya vyuo ni kumpeleka anayesubiri majibu kwenye chumba cha waliothibitishwa, eti kwa muda. Aliyekuwa na mafua ya kawaida atatoka pale akiwa na ugonjwa wa janga.

Njia ya kupunguza zile 168 si kujenga. Ni kupunguza idadi ya wanaolala pamoja. Chumba cha watu wanne kikipata mgonjwa mmoja kimeshazalisha karantini ya watatu, kabla hata hamjauliza nani alikula na nani. Chumba cha wawili kinazalisha mmoja. Mkifanikiwa kushusha wastani kutoka watatu hadi mmoja, 168 inakuwa 56. Ndiyo maana nasema idadi ya wanaoruhusiwa kurudi ipatikane kwenye hesabu hii. Kama vyumba havitoshi, watangulizeni wanaohitaji maabara na mazoezi ya vitendo, na wale wasio na mahali salama pa kuishi. Wengine waendelee kwa mtandao mpaka nafasi ipatikane.

Sasa siku ya kuhamia. Chukueni bweni la orofa 4 lenye vitanda 240. Pokeeni wanafunzi 5 kwa kila orofa katika awamu yenye urefu wa saa mbili. Hao ni 20 kwa awamu. Awamu nne kwa siku ni 80. Siku tatu mmemaliza, na asubuhi ya siku ya nne iachwe kwa waliochelewa njiani. Wawili wa chumba kimoja wasipangwe awamu moja. Msindikizaji awe mmoja. Kama kuna ngazi mbili, moja ipande na nyingine ishuke.

Kinachovuruga ratiba hii karibu kila mara ni foleni ya funguo. Mnapanga vizuri orofani, halafu watu sitini wanasongamana mbele ya dirisha moja wakisubiri risiti, fomu na kitambulisho. Fomu zote zijazwe na kukaguliwa kwa simu kabla ya safari, na ufunguo uwe ndani ya bahasha yenye namba ya chumba, ukabidhiwe nje, penye kivuli na hewa. Mwanafunzi asiwe na sababu ya kukaa dirishani zaidi ya dakika mbili.

Siku mbili kabla ya safari, mtumieni kila mmoja maswali matatu: una homa, kikohozi au umepoteza harufu na ladha? Nyumbani kuna mgonjwa? Umepimwa ukakutwa na ugonjwa huu ndani ya siku 10 zilizopita? Anayejibu ndiyo abaki nyumbani. Lakini mwandikieni wazi, kwenye ujumbe huo huo, kwamba kitanda chake hakitagawiwa mtu na hatapoteza mtihani. Bila ahadi hiyo mtapata majibu ya hapana matupu, na nyingi zitakuwa za uongo wa hofu.

Kipima joto cha getini nitakipitia haraka, maana kinapewa heshima kisiyoistahili. Vijana wengi huambukiza bila homa yoyote. Mwenye homa akimeza parasetamoli asubuhi, anapita. Aliyetoka juani paji la uso linapanda, aliyetoka kwenye kiyoyozi linashuka. Kitumieni mkitaka, ila kisihesabiwe kuwa ndicho kinga.

Vipimo ndivyo vyenye kazi, na navyo vina wakati wake. Mtu aliyeambukizwa jana akipimwa leo haonekani, kwa kuwa virusi bado havijafikia kiasi cha kunaswa. Kwa UVIKO-19 ya mwanzo, dalili zilichukua siku 2 hadi 14 kujitokeza, kwa kawaida kama siku 5, na mtu aliweza kuambukiza wengine siku mbili kabla ya dalili. Kwa hiyo pimeni siku ya kufika, kisha pimeni tena siku ya 5 hadi ya 7. Aliyeambukizwa ndani ya basi anakamatwa na kipimo cha pili, si cha kwanza. Katikati ya hapo mwanafunzi ale chumbani kwake na asitembelee vyumba vingine.

Baada ya hapo, kipimo cha mara kwa mara kinashinda kipimo kizuri cha mara moja. A. David Paltiel, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na wenzake walichapisha hesabu ya mfano mwaka 2020: chuo cha wanafunzi 5,000, kumi wakiwa wameambukizwa mwanzoni, muhula wa siku 80, na ugonjwa ambao kila mgonjwa anaambukiza wastani wa watu 2.5. Kwa kipimo kinachonasa asilimia 70 tu ya walioambukizwa, kupima kila siku mbili kulileta maambukizi 243. Kipimo kile kile kikitumika kila siku saba, maambukizi yakawa 1,840. Kusubiri wenye dalili wajitokeze wenyewe hakukutosha kwa hali yoyote waliyoijaribu.

Penye uhaba wa vipimo kuna njia ya kuchanganya sampuli, ambayo Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kiliitumia mwaka 2020 kwa kuunganisha sampuli tano tano. Watu 100 wanahitaji vipimo 20; kundi moja likionyesha maambukizi, mnawarudia watano wake mmoja mmoja, jumla 25. Ila njia hii inafaa pale tu ugonjwa ukiwa haba. Mmoja kati ya kumi akiwa ameambukizwa, makundi kama manne kati ya kila kumi yatarudi na maambukizi, na jumla inapanda hadi kama vipimo 60. Pale Duke, kati ya Agosti na katikati ya Oktoba 2020, nusu ya sampuli zilizokutwa na virusi zilitoka kwa watu wasio na dalili. Chuo Kikuu cha Arizona nacho kilipima majitaka ya bweni moja Agosti hiyo, kikaona virusi, kikapima watu 311 na kuwapata wawili, wote hawana dalili. Bila yale maji wangeendelea kushiriki mabafu na wenzao.

Mabafu! Hapa naomba tukae kidogo. Saa moja asubuhi, masinki sita yamepangwa mstari mmoja, watu sita bega kwa bega, barakoa zimevuliwa, vinywa wazi, wanasukutua na kutema, dirisha limefungwa kwa ajili ya baridi. Hakuna mahali pengine chuoni penye hali kama hiyo. Gaweni sinki na bafu kwa namba za vyumba na kwa zamu za dakika 15, zibeni sinki moja kati ya kila mawili, na mtu apigie mswaki chumbani kwa kikombe kama kuna uwezekano. Dirisha likazwe kwa ndoano ili lisifungike.

Kuhusu usafi wa nyuso za vitu: sabuni kwanza, dawa ya klorini baadaye, kwa sababu uchafu humeza nguvu ya klorini. Mnataka mchanganyiko wa asilimia 0.1. Someni chupa. Gaweni asilimia ya chupa kwa 0.1, toeni moja, ndiyo sehemu za maji. Dawa ya asilimia 5: hamsini toa moja, sehemu 49 za maji, yaani mililita 20 za dawa ziongezewe maji mpaka ifike lita moja. Ya asilimia 3.5: sehemu 34. Maji yawe baridi, mchanganyiko uwe wa siku hiyo hiyo, na uachwe juu ya kitasa kama dakika 10. Usichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala na amonia. Hewa inayotoka inaunguza mapafu. Na msimpulizie mtu dawa mwilini getini. Inamuumiza macho na ngozi, na virusi vilivyomo kifuani mwake haviguswi.

Hewa inastahili nguvu zaidi kuliko dawa. Shirika la Afya Duniani lilitaja kima cha chini cha lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu. Chumba cha mgonjwa kiwe na hewa inayoingia kutoka korido na kutokea dirishani, isiwe kinyume chake. Feni iwekwe dirishani ikitazama nje. Halafu jaribuni hivi: shikeni kipande chembamba cha karatasi ya tishu kwenye upenyo wa chini ya mlango, mkiwa upande wa korido. Kikivutwa kuelekea chumbani, sawa. Kikipepea kuja kwenu, upepo umegeuka, na korido nzima inavuta pumzi ya mgonjwa. Mara nyingi ni kwa sababu dirisha la pili limeachwa wazi upande upepo unakotokea. Lifungeni, mjaribu tena.

Ndani ya chumba hicho kuwe na maji ya kunywa, kipima joto, parasetamoli, ndoo ya taka yenye mfuniko, chaja, na namba ya simu ya muuguzi wa zamu imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Kuwe pia na kipima oksijeni cha kidoleni. Mfundisheni mwanafunzi: kidole kiwe na joto, kisiwe na rangi ya kucha, mkono utulie dakika nzima, asome asilimia ya oksijeni iliyotulia. Ikishuka chini ya 94 apige simu. Chini ya 90 ni dharura, usiku au mchana. Muuguzi apige simu mara mbili kwa siku hata kama mgonjwa hajalalamika, maana anayezidiwa mara nyingi hunyamaza. Chakula kifike mara tatu, kwa saa zinazojulikana. Sahani ikichelewa mara mbili, mgonjwa atatoka kwenda kujitafutia, na hapo lawama si yake.

Viongozi wa wanafunzi, hili ni lenu. Msikubali kanuni inayomwadhibu anayetaja aliokuwa nao. Mkitishia kumfukuza mtu kwa sababu alikuwa kwenye sherehe, atataja watu wawili badala ya kumi na wawili, na wale kumi wataendelea kulala vyumbani mwenu. Aliyeandaa sherehe ashughulikiwe na kamati ya nidhamu. Anayeulizwa na muuguzi alikuwa na nani aachwe nje ya faili hilo kabisa.

Naona mkono pale nyuma. Mama anauliza: mgonjwa amemaliza siku zake, yuko mzima, lakini kipimo cha maabara bado kinaonyesha virusi, mwenzake wa chumba anamkataa. Afanyweje?

Swali zuri, na litawafikia wote. Kipimo cha maabara hunasa vipande vya virusi vilivyokufa kwa wiki nyingi baada ya mtu kupona, pengine hata miezi mitatu. Ndiyo maana kwa UVIKO-19 wagonjwa wengi walitolewa kwa kuhesabu siku na dalili, pasipo kipimo cha pili. Msimpime tena ikiwa siku zimetimia na homa haipo. Mtajiletea hofu ya bure. Mwiteni yule mwenzake kabla mgonjwa hajarudi, mweleze hivyo hivyo nilivyoeleza, muuguzi awepo ajibu maswali. Fungueni dirisha la chumba, shuka zifuliwe, na mgonjwa arudi mchana, si usiku kwa kificho, abebe godoro lake mbele za watu kama mwanafunzi mwingine yeyote.