Chora Mwenyewe: Fedha za Henry VII kwenye Karatasi Moja

Karibuni tena, watazamaji. Leo tunachora. Tafuta karatasi moja ya A4, rula, penseli, na kalamu mbili, nyeusi na nyekundu. Tukimaliza utakuwa na mchoro unaoonyesha pesa za Henry VII wa Uingereza zilitoka wapi, zilipita mikononi mwa nani, na zilifikia wapi. Huyu ndiye mfalme wa kwanza wa ukoo wa Tudor. Alitwaa kiti cha enzi vitani, pale Bosworth, tarehe 22 Agosti 1485, akatawala mpaka alipofariki Aprili 1509.

Laza karatasi kwa upana. Usianze na kodi. Wengi huanza na kodi, na hapo ndipo wanapompoteza mfalme huyu. Anza kulia, kule pesa zinakofikia. Chora masanduku mawili, moja juu, moja chini. La juu andika "Hazina, Westminster". La chini andika "Chumba cha Mfalme". Liache la chini liwe kubwa, tutaliandika ndani.

Hazina ilikuwa ofisi kongwe, makini, na ya taratibu mno. Risiti yake ilikuwa kijiti: kilichongwa alama za kiasi kilicholipwa, kikapasuliwa katikati, nusu akaondoka nayo mlipaji na nusu ikabaki ofisini. Wizi ulikuwa mgumu, ndiyo, lakini hesabu ya ofisa mmoja iliweza kukaa miaka kabla ya kufungwa. Henry hakuwa na miaka ya kusubiri. Maadui zake waliweza kutua pwani wakati wowote, naye alitaka kujua ana kiasi gani leo. Edward IV, mfalme wa kabla yake, alikuwa amekwisha onyesha njia: mapato yapelekwe moja kwa moja kwa watumishi wanaokaa karibu na mfalme, na hicho ndicho Chumba. Mwanzoni Henry aliiacha njia hiyo, na mapato ya ardhi yakaporomoka. Kuanzia takriban 1487 akairudia. Chini ya sanduku la Chumba andika majina mawili ya watunza fedha: Thomas Lovell, na kuanzia 1492, John Heron.

Sasa hamia kushoto, tuchore mishale. Kipimo chetu: unene wa sentimita 1 ni paundi 10,000 kwa mwaka, kwa makadirio ya miaka ya mwisho ya utawala wake.

Mshale wa kwanza ni ardhi. Unene wake sentimita 4, na uelekeze kwenye Chumba. Bunge lilipitisha mwaka 1486 sheria ya kumrudishia mfalme mashamba yaliyogawiwa watu tangu 1455. Tena, Henry alihesabu utawala wake kuanzia tarehe 21 Agosti 1485, siku moja kabla ya vita. Kwa hesabu hiyo, kila aliyempigania Richard III, mfalme aliyeshindwa pale Bosworth, alikuwa mhaini, na mali ya mhaini huchukuliwa. Andika tarehe hiyo juu ya mshale, usiikose. Pembeni andika pia jina la Reginald Bray, aliyesimamia kwa ukali ardhi za Lancaster, yaani mashamba ya mfalme mwenyewe, na kuwafundisha wengine namna ya kuchunguza kila shamba linalipa nini.

Mshale wa pili ni ushuru wa forodha, nao unakaribia sentimita 4. Bunge lilimpa kwa maisha yake yote. Angalia vizuri hapa: huu unakwenda Hazina, si Chumbani. Nimeona michoro mingi inayoelekeza kila kitu Chumbani, na si kweli.

Wa tatu ni ulezi. Mwenye ardhi aliyoipata moja kwa moja kwa mfalme akifa na kuacha mrithi mtoto, mfalme alishika ardhi hiyo mpaka mtoto akue, na angeweza hata kuuza haki ya kumwoza. Mwaka 1487 ulezi uliingiza takriban paundi 350, baadaye ukafika kama 6,000. Mshale mwembamba, zaidi kidogo ya nusu sentimita.

Chukua kalamu nyekundu. Hizi ni pesa zisizo za kila mwaka. Chora mstari kutoka Ufaransa: kwa mkataba wa Étaples wa 1492, Henry aliondoa jeshi lake na Wafaransa wakakubali kulipa sarafu za dhahabu 745,000 kwa mafungu. Kisha chora kodi za Bunge, na kando yake andika miaka miwili ya hatari. Mwaka 1489, kule Yorkshire, kodi ilizua ghasia na Earl wa Northumberland akauawa. Mwaka 1497 watu wa Cornwall, waliotozwa kwa ajili ya vita na Scotland, waliandamana hadi Blackheath, karibu kabisa na London. Baada ya hapo Henry aliliita Bunge mara moja tu, 1504. Linganisha na mshale mnene wa ardhi utaona sababu.

Mstari wa mwisho uwe wa nukta nukta: dhamana. Mtu alitia saini hati ya deni kubwa, na akikosea, analipa. Nimesema nukta kwa sababu mara nyingi pesa zote hazikudaiwa, hofu yake ilitosha. Simamisha video ufanye hesabu hii. George Neville, Lord Bergavenny wa Kent, alishtakiwa mwaka 1507 kwa kuweka wafuasi binafsi 471 chini yake kinyume cha sheria, kwa miezi 30. Faini ni paundi 5 kwa kila mtu kwa kila mwezi. Zidisha. Unapata 70,650, zaidi ya nusu ya mapato ya ufalme kwa mwaka. Mfalme akakubali apokee jumla ya paundi 5,000, zikilipwa kwa miaka kumi, lakini akamkataza kukanyaga Kent, Surrey, Sussex na Hampshire bila ruhusa. Kwangu mimi huo si ukusanyaji wa mapato, ni kumshika mtu koo.

Rudi kwenye sanduku la Chumba. Ndani yake chora herufi H ndogo. Henry alipitia vitabu vya Heron mwenyewe na kutia alama yake kwenye kurasa. Humo kuna malipo ya tarehe 10 Agosti 1497: paundi 10 kwa yule aliyekipata kisiwa kipya. Ni John Cabot, aliyekuwa amerudi kutoka ng'ambo ya Atlantiki.

Kilichobaki ni mwaka 1509. Piga mstari wima mwekundu mwisho wa karatasi. Mstari wa dhamana ukomeshe hapo: Richard Empson na Edmund Dudley, wadai wakuu wa mfalme, walikamatwa siku chache tu baada ya kifo chake, na wakakatwa vichwa tarehe 17 Agosti 1510. Akiwa kifungoni Dudley aliandika orodha ya kesi 84 za watu aliodhani wametendewa visivyo. Lakini mshale wa Chumba uvushe ng'ambo ya mstari, maana Henry VIII alimwacha John Heron aendelee na kazi yake.